Niliangalia maili, nikaangalia na rekodi za service, bado nikaletewa injini iliyochoka

Wakuu, salaam kutoka huku kwenye barafu.

Hii si chai, si ya kutunga. Anayetafuta chumvi humu aje aikute barabarani, huku tunamwagiwa msimu mzima wa baridi kuyeyusha barafu.

Jina la gari silitaji, maana mashabiki wake wakija uzi utageuka mechi. Jueni tu ni SUV ya kifahari ya Kijerumani, viti vya ngozi, ile ambayo ukiipaki kanisani hata mchungaji anauliza ni ya nani.

Naishi Brooklyn Center, Minnesota. Mimi na mke wangu wote tunahudumia wazee. Mimi niko kwenye nyumba ya wazee Roseville, shift ya mchana. Yeye anazunguka nyumba hadi nyumba kwa wagonjwa wake, mpaka kule Inver Grove Heights.

Kwa baridi ya huku, gari likizima njiani tatizo si kuchelewa kazini, tatizo ni vidole vyako. Tulikuwa tumechoka na vigari vya kusukuma. Tulitaka kitu kizito, four wheel, kitakachomrudisha mke wangu nyumbani kila siku. Basi.

Sasa sikilizeni nilivyojiona mjanja.

Tulipokuwa Dar, ukiona gari kuukuu lina kilomita chache unacheka tu, unajua fundi ameshapita kwenye odometa. Huku nikaambiwa kuchezea odometa ni kesi, na service nyingi zinaingia kwenye kompyuta. Nikasema afadhali, hapa namba ni namba.

Ndipo akatokea Obadia. Si jina lake, mniache.

Obadia ni Mtanzania mwenzetu, tunafanya naye kazi nyumba moja. Yeye ni mtu wa double, shift mbili kwa siku, karibu kila siku. Hajawahi kuchelewa. Ukifika asubuhi gari lake lipo parking, ukiondoka jioni lipo. Msimamizi wetu alikuwa akitusema kila mara kwa nini hatuwi kama Obadia.

Akatangaza anauza gari. Familia yake imepata visa, mke na watoto wanakuja, anahitaji kupanga apartment.

Nikaenda kuliangalia. Maili chache mno kwa umri wa gari. Rekodi za service zimekamilika, tena oili ilibadilishwa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotaka. Nikasema huyu ndugu anapenda gari lake.

Nikamuuliza amelitunzaje. Akasema, "Kaka, hilo nimelitunza kuliko nilivyojitunza mimi."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya dalali.

Mke wangu, ambaye hajui hata bonet inafunguliwa wapi, alizunguka nyuma akasema, "Baba Neema, mbona kiti cha nyuma kimebonyea hivi, na huyu hapa hana familia?"

Nikamwambia tunanunua injini, hatununui sofa.

(Wenye ndoa, mkeo akiuliza swali siku ya kununua gari, tafadhali msijibu kama mimi.)

Baridi ilipoingia, mambo yakaanza. Asubuhi ukiwasha, injini inagongagonga kama sufuria yenye kokoto. Taa ya injini ikawaka. Nikaongeza oili, taa ikazimika, ikarudi. Nikawa naamka na uchovu, narudi na uchovu, na katikati nawaza gari.

Siku moja likamzimikia mke wangu kwenye highway akitokea Inver Grove Heights. Alikaa mle ndani amejifunika koti na taulo la kazini mpaka askari wa barabarani alipomkuta. Alipofika nyumbani hakunigombeza. Aliweka funguo mezani akasema hilo gari hatalipanda tena. Wakuu, ningefurahi kama angenigombeza.

Nikalipeleka kwa fundi Mkongo, gereji ya jirani tu. Akasikiliza injini, akaniangalia.

"Frère, ndugu yangu, hii gari ilikuwa ya polisi?"

Nikamwambia hapana, ya mtu mmoja tu, maili chache.

Akaingia ndani, akabonyeza vitufe mpaka dashibodi ikaonyesha kitu ambacho sikujua kipo: saa za injini. Yaani jumla ya saa ambazo injini imekuwa ikiwaka, iwe gari linatembea au limesimama.

"Ona. Motere imetumika mingi sana. Lakini gari haikutembea, inawaka tu imesimama, kama ya polisi."

Tukagawa maili kwa zile saa. Wastani ukatoka mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni. Chain ya injini imelegea, na bei ya matengenezo sitaki kuikumbuka. Akaniandikia makadirio kwenye karatasi.

Nikawaka. Nikasema Obadia ameniingiza mjini, mimi mwenzake, tena ndani ya jumuiya moja.

Kesho yake wakati wa kubadilishana shift nikamfuata mama Njeri, nesi Mkenya wa usiku, nimpe malalamiko yangu. Alinisikiliza huku anavaa koti. Halafu akasema taratibu:

"Kwani hukujua? Obadia alikuwa analala kwa hiyo gari, hapa parking. Winter tatu. Theluji ikimwagika, sisi watu wa night tulikuwa tunatoka na shovel tunafungua exhaust, asikufe na moshi."

Nikamuuliza ilikuwaje.

Alinieleza kwamba mkopo wa gari ulimlia kodi ya chumba. Akasema atalala garini mwezi mmoja tu, ajipange. Anaoga gym, anakunja blanketi, anaingia kazini. Mwezi ukazaa mwaka. Na nyumbani wanapata picha ameegemea gari.

Najua kuna wataalamu humu mtasema mafuta ya kuwasha gari usiku kucha yanakaribia kodi ya chumba. Msianze. Mtu aliyechoka kiasi kile hapigi hesabu, anatafuta joto tu.

Nilimhurumia, sikatai. Lakini huruma haifungi chain mpya, na mke wangu alikuwa anaenda kazini kwa mabasi, anasubiri kituoni kwenye upepo. Jumapili baada ya ibada nikaitia ile karatasi ya fundi mfukoni, nikaenda kwa Obadia. Nilitaka achangie nusu. Ningesema mbele ya yeyote.

Mlango ukafunguliwa na mkewe. Watoto wanaangalia TV sakafuni, sofa bado haijaja. Obadia aliponiona alisimama, akakaa tena.

"Karibu shemeji!" mkewe akasema. "Wewe ndiye uliyechukua lile gari letu? Tuliliona kwenye picha mpaka tukalikariri."

Akaleta chai na maandazi. Nikala andazi moja, karatasi iko mfukoni. Nikajiandaa kuanza.

Yule mama akaketi, akashusha sauti, ingawa mumewe yupo palepale.

"Shemeji, nakuuliza wewe kwa sababu mko kazi moja. Huyu alikuwa anaishi wapi kabla hatujaja? Namwambia anipeleke nikapaone, hataki. Anwani hanipi. Niambie ukweli, kulikuwa na mwanamke?"

Obadia hakuinua macho kwenye kikombe.

Ningesema yote pale. Ningepata na nusu yangu.

"Hakukuwa na mwanamke, shemeji. Nakuapia. Palikuwa padogo tu, ndiyo maana anaona aibu."

"Padogo kiasi gani?"

"Mtu mmoja. Tena akikunja miguu."

Mama wa watu akacheka kwa raha, mzigo umemtoka. Nikacheka naye. Obadia aliinuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka nilipoaga.

Gari nililitengeneza mwenyewe, kwa double zangu mwenyewe. Obadia hajawahi kunigusia, nami sijamgusia. Mke wangu nilimweleza yote. Akaniuliza kama nimekula, akanipakulia.

Somo, wakuu: maili chache si afya. Omba saa za injini, na kama dashibodi haionyeshi, fundi mwenye kifaa anaweza kujaribu kuzisoma. Ukiona oili inabadilishwa haraka kuliko maili zinavyopanda, uliza gari lilikuwa linawaka kwa nani na kwa nini. Angalia viti. Huku kwenye baridi ndiyo kabisa.

Nimechoka, naingia shift. Mnaojua kuhusu chain tiririkeni, na mnaotaka kuniita boya mna haki yenu.

Ila kabla hujaandika, nijibu kwanza hili: wewe pale, na andazi mdomoni, ungeitoa ile karatasi?