Miwani ya Siku ya Ukaguzi

Kwa miezi mitano nilimchekea usoni mtu niliyetaka aumbuke. Alikuja dukani, nikampa shikamoo, nikamwekea kiti, nikamwagizia soda baridi. Akiondoka nilibaki nimesimama mlangoni, kinyongo kimenijaa mpaka kooni.

Nina duka Kariakoo, chumba kimoja chini ya ghorofa, kati ya muuza mapazia na muuza ndoo za plastiki. Nauza vifaa vya kujikinga kazini: kofia ngumu, gambuti, glovu, vizibao vya reflekta, miwani ya kuzuia vumbi na vipande vya mawe. Mtu huyo, mzee mmoja mteja wangu, alikuwa na machimbo ya kokoto nje ya jiji. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu, alikuwa akipasua mawe kwake. Kazi nilimtafutia mimi. Alipotoka nyumbani Kilimanjaro na begi moja nilimwombea kwa mzee, naye akasema, "Mwambie aje kesho." Siku ile nilimshukuru sana.

Sasa kuna mchezo ambao wenye machimbo walikuwa wanaucheza na sisi watu wa Kariakoo, na nausema kwa sababu nimechoka kuuficha. Mzee hakuwa mtu wa kununua vifaa. Alikodi. Akipata habari kwamba mkaguzi anakuja, alinipigia simu: "Mama, nifungie seti ishirini na tano." Asubuhi nikampakilia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Wafanyakazi wakavishwa, mkaguzi akakagua, akaandika, akaondoka. Kabla duka halijafungwa vifaa vilikuwa vimesharudi. Nikavifuta vumbi, nikavitundika. Mtaani tuliviita nguo za harusi, na tulicheka.

Mdogo wangu hakujua kwamba ni vya kukodi. Msimamizi aliwaambia ni mali ya ofisi, vinafungiwa stoo visiharibike. Mimi nilikuwa nimempa miwani yake mwenyewe alipoanza kazi, lakini msimamizi akamkataza kuivaa, eti akivaa yeye, wenzake nao watadai. Akaiacha chumbani kwake Buguruni. Aliponieleza nilimwambia avumilie, asianze kazi kwa ugomvi. Hayo maneno ni yangu, siwezi kumsingizia mtu.

Mkaguzi alikwenda siku ya Jumatano. Alhamisi, saa nne asubuhi, kipande cha jiwe kiliruka kutoka kwenye nyundo ya jirani kikamwingia mdogo wangu jicho la kushoto. Jana yake, saa kama hiyo, alikuwa amevaa miwani. Simu ilipoita nilikuwa dukani na kitambaa mkononi, naifuta miwani ile ile.

Madaktari wa hospitali kule Upanga walihangaika, jicho halikupona. Siku ya tatu mzee akaja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama. Ila hawa vijana wabishi. Vifaa tunawapa, hawavai." Alinitazama machoni wakati anasema, maana alijua siwezi kufungua mdomo. Na ndivyo alivyoandika kwenye taarifa yake: kijana alipewa miwani akakataa kuivaa. Mdogo wangu akawa mzembe aliyejitakia.

Nilimchukia pale pale, machungwa yakiwa bado mapajani kwangu.

Baada ya miezi mitatu mdogo wangu akarudi kupasua mawe kwa mzee huyo huyo. Kazi nyingine hakupata, nani amtake mwenye jicho moja? Msimamizi akamkataza miwani kwa mara ya pili. Kwa hiyo kila asubuhi jicho lake la mwisho lilikuwa linakwenda kukaa mbele ya nyundo za watu likiwa wazi, na mimi nilijua.

Ningeweza kwenda kwa wakaguzi wakati wowote, nikasema ninachokijua. Sikwenda. Ofisini mzee angeleta karatasi zake, angeleta na wakili. Mimi nilitaka aumbuke kwenye jua, mbele ya watu wake, asiwe na pa kujificha. Nilitaka kumwona uso. Kwa ajili ya uso huo nilisubiri miezi miwili mingine, na mdogo wangu akaendelea kugonga mawe.

Hatimaye mzee akapiga simu. "Mama, kesho nifungie zile."

Nilizifunga vizuri kuliko siku zote. Kirikuu kilipoondoka nikafunga duka, nikakodi gari, nikafuata.

Niliwakuta wamepangwa mstari, kofia za njano zinang'aa. Mkaguzi, mama mmoja mtulivu wa makamo, alikuwa anaandika. Mzee alikuwa anamwambia kwamba kwake usalama ni jambo la kwanza. Aliponiona akaikatiza sentensi.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Vifaa vyangu, mzee. Kuna mteja mwingine anavitaka mchana huu."

Akacheka kwa nguvu. "Huyu mama anapenda utani."

"Sina utani." Nikafungua kiroba. "Vijana, vueni mniwekee humu. Kila kofia ina mhuri wa duka langu ndani."

Mkaguzi akamsogelea wa kwanza, akamvua kofia kwa mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akasoma. Akaitumbukiza kwenye kiroba. Wengine wakafuata, mmoja mmoja: kofia, reflekta, glovu. Mzee alisimama akivuta kola ya shati, midomo inamcheza, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilimtazama mpaka nikashiba.

Kisha mkaguzi akanigeukia mimi.

"Kijana wa hapa alipopata ajali, miwani ambayo taarifa inasema alipewa ilikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa miezi mitano kwa ajili ya mzee. Swali hilo sikuwa nimelijibu hata peke yangu.

"Dukani kwangu," nikasema. "Nilikuwa naifuta."

Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alinitazama kwa jicho lake lile moja.

"Dada, ulikuwa unajua?"

Nikamsogezea kiroba. Akaivua miwani, akaiweka juu ya kofia za wenzake, akarudi kusimama kwenye nafasi yake.

Machimbo yalifungwa mpaka mzee aliponunua vifaa vya kila mtu na taarifa ya ajali ikaandikwa upya. Siku hizi kila asubuhi, kabla nyundo haijainuliwa, wanasimama duara na kukaguana, kila mmoja jirani yake. Mwenye kuona hatari anasimamisha kazi, na hafukuzwi mtu. Anayekuja kichwa wazi anazomewa mpaka arudi kuvaa. Wafanyakazi wenyewe walimchagua mdogo wangu awe mwakilishi wao wa usalama. Nilisikia aliwahi kumrudisha mzee getini kwa sababu hakuwa na kofia, na mzee akarudi kimya kimya kuitafuta kwenye gari. Habari hiyo niliichekea wiki nzima. Hata leo nikiikumbuka roho inatulia.

Vifaa vyao huja kuvinunua mdogo wangu mwenyewe, hapa hapa Kariakoo. Anaingia duka linalotazamana na langu. Namwona anainua miwani moja moja juani, yenye mkwaruzo anairudisha. Siku moja nilishindwa, nikavuka barabara, nikamwuliza kwa nini ananunua kwa yule, wakati naye alikuwa akiwakodishia wenye machimbo kama mimi.

"Najua," akasema, huku akiendelea kuchagua. "Lakini yule si dada yangu."