Chumba Alichokifulia Mama Buluu

Mama Buluu alikuwa dobi, na tangu ashike pasi kwa mara ya kwanza kazi yake ilikuwa hiyohiyo: mataulo na vitambaa vya meza vya launji ya uwanja wa ndege. Launji, kwa asiyeijua, ni kile chumba wanamongojea ndege abiria wenye uwezo wao, ili wasibanane na sisi wengine kwenye viti vya chuma. Yeye mwenyewe hakuwahi kukitia machoni. Banda la kufulia lilikuwa nyuma ya uzio wa uwanja; nguo zililetwa na gari dogo zikiwa zimesokomezwa kwenye magunia, na gari hilohilo likazirudisha zikiwa zimenyooka na kunukia. Katika chumba kile alichokijua ni uchafu wake tu.

Pale bandani kila dobi alikuwa na rangi yake ya uzi. Taulo jipya likimfikia, analipiga mshono mdogo kwenye kona, ili siku doa likibaki ijulikane nani wa kusemwa. Uzi wake ulikuwa wa buluu, na jina likamganda hapohapo. Ulimi wake ulikuwa wa moto vilevile. Kahawa aliisamehe, rangi ya midomo aliivumilia, lakini wanja ulimtoa mapovu. Aliapa mbele ya wenzake kwamba siku atakapomkuta mwanamke anajifuta wanja kwa taulo jeupe, atamkabidhi beseni na sabuni afue mwenyewe.

Aliyekuwa na hamu kubwa ya kukijua chumba hicho alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao, aliyeolewa mbali kwa kwenda na ndege. Hawakuwahi kupigiana simu asiulize, "Haya dada, hicho chumba chako kikoje?" Na Mama Buluu humjibu kwamba yeye anafua tu, na mtu anaweza kukufulia soksi maisha yako yote asiijue sura yako. Mdogo mtu alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kulisikia jibu hilo.

Kisha moyo wa mdogo mtu ukaanza kumsumbua, na madaktari wakasema hakuna njia ila kupasuliwa. Alikubali bila ubishi, ila alitaka amwone dada yake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Hakueleza kwa nini, na wala hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanawe wakakata tiketi, wakampigia mama yao mkubwa: ataondoka asubuhi, upasuaji ni alasiri, muda unatosha kabisa.

Asubuhi hiyo ukungu ukashuka ukakaa. Sauti ya kwenye vipaza sauti iliomba radhi, ikaomba tena, mpaka watu wakaanza kuizomea. Viti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo Mama Buluu alikaa juu ya begi lake huku miguu ikimvimba, macho kwenye saa ya ukutani. Akapigiwa simu na binti wa mdogo wake. Madaktari, alisema, hawawezi kungoja, kuna wagonjwa wengine nyuma. Sauti ikamkatika kidogo.

"Mama mkubwa, wewe njoo tu."

Mama Buluu alimwambia ajikaze kisabuni, yuko njiani. Njiani kwenyewe ni juu ya begi. Mfanyakazi mmoja wa shirika la ndege, msichana aliyekuwa akipita na chupa za maji, aliiona ile miguu, akasimama. Alimpa kadi ya launji akamwambia, shikamoo mama, panda ghorofani, ukakae pazuri, safari ikiwa tayari mtafuatwa hukohuko.

Ndivyo alivyojikuta mbele ya mlango wa kioo. Alinyoosha mkono kutafuta kitasa, na mlango ukafunguka wenyewe. Alitazama nyuma yake amshukuru aliyeufungua. Hapakuwa na mtu.

Kilichomshangaza mwanzo ni ukimya. Kule chini watoto walikuwa wakilia na watu wakigombana. Huku hata nyayo zake mwenyewe hakuzisikia, zulia lilizimeza. Alitembea kwa tahadhari, ungedhani anapita kwenye sakafu aliyodeki mwenyewe sasa hivi. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo, na nyuma yake ndege zimesimama ndani ya ukungu, karibu kiasi kwamba aliweza kuhesabu madirisha. Siku zote alikuwa akizisikia zikinguruma juu ya paa la banda. Hakujua kuwa ni kubwa hivyo, wala kwamba zinaweza kutulia namna ile. Alikaa kitini taratibu, mdomo wazi, na kwa muda mfupi hata saa aliisahau.

Mhudumu akamjia na sinia. Juu yake palikuwa na taulo dogo, limeviringwa, linatoa mvuke. Mama Buluu alilipokea kwa mikono miwili, akalikunjua, na kwenye kona akauona uzi wa buluu.

Alilishika hivyo mpaka likapoa. Kisha akainua macho, akaanza kuyaona mataulo yake kila mahali. Mzee mmoja alikuwa amelala kajifunika jingine usoni. Mama mwenye mtoto mchanga alikuwa kamtandikia jingine begani. Mwanamume wa suti alikuwa akijifuta shingo polepole, macho kayafumba, na uso wake ulivyolegea ungesema ndiyo kwanza ameshusha mzigo. Mama Buluu alijisikia vile anavyojisikia mzazi anayemtembelea mwanawe kazini bila taarifa, akamkuta anaheshimiwa. Machozi yakamlenga. Alitaka kumwambia mtu, akakosa wa kumwambia, maana wa kumwambia alikuwa kitandani hospitalini.

Hapo ndipo alipomwona mwanamke wa wanja. Alikuwa kijana, kakaa peke yake karibu na kioo, na taulo jeupe alilokuwa akijifutia macho lilikuwa limechafuka lote kwa weusi. Kiapo kikamjia Mama Buluu mdomoni. Aliinuka, akamwendea, na alipofika aliona kuwa yule binti analia bila sauti, mabega yanamtetemeka.

Akakaa kando yake. Binti alimweleza kwa maneno machache kwamba mama yake amefariki jana, na kule wanamngoja yeye tu wazike. Mama Buluu alimsogelea. Alimshika mkono. Aliyafikiria madoa yote ya wanja aliyoyasugua huku akiporomosha matusi, miaka nenda miaka rudi, na kila doa likawa na mtu wake. Mwili ukamsisimka kwa hofu na heshima, akaomba msamaha kimoyomoyo, bila kujua anawaomba akina nani.

"Nipe hilo taulo, mwanangu," alisema mwishowe. "Wanja ukikauka hautoki."

Alikwenda nalo msalani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kulifua kwenye sinki linalong'aa kama kioo, kwa sabuni ya kunawia. Huko, mgongo kauinamisha, akalia na yeye. Alimlilia mdogo wake, ambaye yeye ndiye alikuwa akimbeba mgongoni utotoni, na ambaye pengine wakati huo alikuwa akivuliwa hereni kabla ya kuingizwa. Mlango ukafunguliwa, mhudumu akachungulia.

"Pole na kazi, mama."

"Asante," akajibu Mama Buluu, kama alivyozoea kujibu siku zote, na akaendelea kukamua.

Launji haina vipaza sauti. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na yule mhudumu alikuwa anapita akiwakusanya abiria mmoja mmoja. Alipochungulia msalani aliona dobi kazini, si abiria, akaondoka zake. Mama Buluu alipotoka na taulo lake jeupe mkononi, viti vyote vilikuwa vitupu. Ule ukimya uliomstaajabisha sasa ulimtisha.

Mlangoni alisimama mtu mmoja tu, yule binti, begi begani, mkono kaukaza kwenye fremu, na mhudumu mbele yake anambembeleza atoke, ndege inafungwa.

"Nimeshawaambia siondoki," binti alisema. "Mama yuko ndani, ananifulia taulo."

Walikimbia. Mama Buluu alikimbia na miguu yake ileile iliyovimba, na mhudumu nyuma yao kabeba begi lake, anaomba samahani njia nzima. Ndege ilipokwisha kupaa ndipo alipogundua kuwa taulo bado kalishika. Yeye, aliyekuwa akiwaita wezi wote wanaoondoka na mataulo, sasa alikuwa ameiba la kwake mwenyewe. Binti alicheka kwa mara ya kwanza.

Hospitalini aliwakuta kwenye korido, kitanda tayari kinasukumwa. Mdogo wake alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Umechelewa, dada."

"Ukungu. Wakaniweka kwenye launji."

Mdogo mtu alitaka kuinuka, muuguzi akamzuia. "Umeingia? Kikoje?"

Mama Buluu alikuwa na kila kitu kwenye ncha ya ulimi. Akawatazama wauguzi wa sare za kijani waliokuwa wakimngoja mgonjwa wao mlangoni, akajizuia.

"Toka kwanza humo. Ukitoka nitakusimulia."

"Dada, una roho mbaya," mdogo wake akasema, na tabasamu lake likaingia naye mlangoni.

Alingoja kwenye benchi, taulo mapajani, akalikunja na kulikunjua mpaka likakauka. Jua lilikuwa limeshainama kitanda kiliporudishwa. Daktari aliwaambia kwamba mambo yamekwenda vizuri. Mgonjwa alilala kimya, midomo imepauka, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mama Buluu akainama sikioni mwake. "Mdogo wangu," akasema, "mlango wake unafunguka wenyewe."

Macho hayakufumbuka. Ila midomo ilisogea, na sauti ikatoka, kavu, ya chini.

"Mwongo wewe."

Mama Buluu akajifunika taulo usoni, akalia mpaka likalowa lote.