Koti la Kulindia Mahindi

Nilipofika Voi kufundisha, nikiwa nimetoka tu chuo kikuu, msichana niliyetaka kumwoa kule kwetu karibu na ziwa alikuwa ameshaolewa na mwingine. Niliomba kazi mbali makusudi. Nilipata mbali kweli: joto la kukaba, vumbi jekundu hadi ndani ya chai, na mji mzima wa watu nisiowajua.

Mtu wa kwanza kunizoea nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa dada wa kuunganisha simu pale posta. Kila Jumamosi nilimpigia mama kupitia duka la kijijini kwetu, na kila Jumamosi laini ilikatika.

"Mwalimu, imekwenda tena. Nijaribu, ama umechoka kusubiri?"

"Sijachoka."

"Haya. Kwa subira yako hiyo utaoa ukiwa na mvi."

Neno hilo nilikaa nalo wiki nzima. Alikuwa ananicheka, au alikuwa ananiuliza kitu?

Baadaye tulianza kunywa soda pamoja akitoka kazini. Sikuwahi kumwambia ninachotaka. Kisha mkuu wa shule akaniita: kuna nafasi ya mwalimu karibu na kwetu, anataka jibu langu Jumatatu. Nilimweleza dada. Hakuniambia kaa, hakuniambia nenda.

"Jumamosi niko kwetu Rukanga," alisema. "Njoo upaone kabla hujaamua."

Nione nini? Ndani ya basi, kutoka Maungu hadi chini ya mlima wa Kasigau, nilijiuliza hivyo huku nimekumbatia sukari na mkate. Pengine kuna jambo analoona haya kulitamka. Pengine mkate mmoja ni matusi. Nilijiapia kwamba nikiona dalili mbaya nitapanda basi hilo hilo likirudi saa kumi, na Jumatatu nitamwambia mkuu wa shule kwamba naenda.

Mama yake nilimkuta uani akipepeta pojo. Alinipokea mzigo kwa mikono miwili.

"Ndiye mwalimu wa simu? Karibu, baba. Yeye yuko shamba, analinda. Fuata hiyo njia, ukamsaidie. Nyani wametumaliza."

Njia ilipita kando ya mahindi yaliyoanza kubeba. Mwishoni palikuwa na dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao. Juu yake alikaa mwanamume, amenipa mgongo. Alivaa koti refu jeusi na kofia, miguu ameinyoosha kama mtu aliye kwake. Kwenye nguzo ya dungu ilining'inia leso yenye maua ya manjano. Leso hiyo niliijua. Alikuwa akijifunika nayo pale posta mvua ikinyesha.

Nilichuchumaa nyuma ya kichaka. Kumbe jambo nililoitiwa ndilo hili. Ana mume, na ameona heri nijionee mwenyewe. Lakini mbona mama amenikaribisha vile? Labda ni ndugu yake. Ndugu gani anatundika leso ya dada yake? Nikamkumbuka yule wa kwetu, aliyeniacha niendelee kupanga harusi naye ameshakubali posa nyingine. Nikaamua. Nikaanza kurudi nyuma kwa mikono na magoti ili mahindi yasitikisike.

Yalitikisika. Jiwe likapita juu ya kichwa changu likivuma.

"Toka! Nyani wewe, toka!" Sauti ilikuwa nzito ya kujilazimisha.

La pili lilipiga mhindi ulio karibu na sikio langu. Nikasimama, mikono juu.

Mwenye koti alikuwa na kombeo mkononi. Akavua kofia.

"Mwalimu?"

Ilikuwa sauti ya simu.

"Mume wako yuko wapi?" nikauliza. Ndilo neno pekee lililotoka.

Alinitazama, akalitazama koti, akacheka hadi akashika nguzo. "Hili ni la marehemu baba. Nyani hawamwogopi mwanamke! Ukikaa hapa na leso, wanakula huku wanakutazama. Kila mama hapa analinda na koti." Kisha kicheko kikakatika. "Lakini ulikuwa unarudi. Umeona koti, ukageuka, hata hukuuliza?"

Nilijipangusa vumbi magotini.

"Na Jumatatu ungekubali kwenda kwenu hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

Alivua koti, akaliweka kwenye mbao za dungu. "Basi linapiga honi pale dukani kabla ya kuondoka. Ukitaka kwenda, nenda, sitakushika. Ukitaka kukaa, uliza unachotaka kuuliza. Mimi sipendi kufikiriwa na mtu aliye kichakani."

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga miezi mingi, yote yakanitoroka. Honi ililia mara moja, ikalia tena.

"Leo nimeleta sukari na mkate mmoja tu. Utakubali nikija na wazee wangu?" niliuliza.

Alisikiliza mpaka mngurumo wa basi ukapotelea upande wa Maungu.

"Kwanza panda. Wanakuja."

Nyani watano walikuwa wametoka kwenye miamba. Nikapanda, nikapiga kelele, nikatupa mawe kwa mkono. Yule mkubwa aliketi akanitazama, akavunja hindi, akaanza kulimenya taratibu.

Dada alishusha pumzi. Akanyoosha mkono, akachukua koti, akanivisha mimi.

"Jaribu tena," alisema. "Na wazee wako wasije na mkate mmoja."