Tik Kabla ya Tak

Bastola ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na mdomo wake mpana kiasi cha kumeza kidole cha mtoto. Fundi wa ghala la silaha la hifadhi ya wanyama aliilaza juu ya kitambaa chenye mafuta, akavuta kiti, akaanza kuifungua kwa upole. Ungemwona ungedhani anamvua mgonjwa nguo. Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Wote walimwita Sikio.

Jina hilo alilipata kwa haki. Bastola ya silinda, ile inayobeba risasi sita kwenye vyumba vilivyopangwa duara, husema mara mbili ukiivuta nyundo yake nyuma polepole. Kwanza "tik", sauti nyembamba kama ukucha kwenye glasi: silinda imejifunga, risasi imekaa sawasawa nyuma ya mtutu. Kisha "tak", nene zaidi: nyundo imesimama tayari. Tik ikitangulia, bastola ni nzima. Tik ikichelewa, nyundo itaigonga risasi pembeni, na risasi iliyogongwa pembeni inaweza isiwake kabisa. Sikio hufumba macho, huisogeza bastola karibu na sikio lake la kulia, akasikiliza. Miaka thelathini na moja, na hakuna bastola iliyowahi kurudi kumsuta.

"Mzee, risasi nene hivi ya kazi gani?" askari wapya walikuwa wakimuuliza.

Hapo ndipo uso wake ulipochanua. "Zamani baruti ilikuwa dhaifu, moshi mwingi nguvu kidogo. Unaimimina, unashindilia na risasi ya mviringo. Sasa kama risasi haina mbio, si bora iwe na uzito? Ndiyo akili yao. Askari wa farasi walitaka bastola ya kumwangusha adui na farasi wake. Baadaye likaja ganda la shaba, baruti na risasi na kiwashio vyote ndani ya nyumba moja. Baruti nayo ikapata nguvu. Mngedhani watu wataachana na unene, wapi! Wakachukua mbio na unene pamoja. Ndiyo hii, inapiga teke kama punda."

"Lakini si tuna bunduki?"

"Kichakani bunduki ndefu inanasa matawini. Nyati akitokea hatua kumi mbele yako, utamwomba asubiri uigeuze?"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, askari wa doria, mrefu na mwembamba hata wakamwita Kamba. "Kaka, hiyo si bastola, ni chungu chenye mpini! Nikiivaa suruali inashuka." Lakini kila doria aliivaa, na kila akitoka humwambia mkewe neno lile lile: "Kaka akishasikia tik, wewe lala usingizi."

Basi, tatizo la Sikio lilianzia kwenye banda la majaribio nyuma ya ghala. Kila bastola aliyoitengeneza aliifyatua mara sita kwenye shimo la mchanga, masikio wazi. Vizibo vya masikio alivyopewa vilining'inia msumarini, bado vimo ndani ya nailoni yake. "Ukiziba masikio, bastola inakudanganya," alisema. Chini ya bati lile kila mlio ulikuwa kofi, na makofi aliyokula hayana idadi. Kwanza walinyamaza ndege. Ikafuata birika. Kisha sauti za wajukuu. Akajifunza kusoma midomo, kutikisa kichwa na kutabasamu.

"Baba watoto, maji yamekatika?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Nzuri tu, sijui wewe!"

Mke alicheka mpaka akajifuta machozi, akidhani ni utani. Naye Sikio akacheka. Angefanyaje?

Mwisho ikaondoka tik. Tak ilibaki kwa sababu ni nene. Hiyo ilikuwa mwaka juzi, na hakumwambia mtu. Fundi aitwaye Sikio aende kwa nani, aseme nini?

Asubuhi moja Kamba alikuja kuchukua bastola yake, iliyobadilishwa kile kipande cha chuma kinachoisukuma silinda. Shimoni risasi sita zote zilikuwa zimewaka, kwa kuwa Sikio alizifyatua haraka haraka, na silinda ikizungushwa haraka hujibeba yenyewe mpaka mwisho. Ni kwenye mvuto wa polepole tu ndipo ubovu hujionyesha. Akafumba macho, akavuta polepole. Tak.

"Vipi kaka, imesema?"

Meza ya pili alikaa fundi mwenzake, masikio yake kama ya sungura. Ilitosha kumwambia, "Hebu nisikilizie." Lakini askari wapya walikuwa wamesimama pale wanatazama, na mdogo wake alikuwa anacheka.

"Imesema," akajibu Sikio.

Siku ya tatu doria ilikutana na nyati mwenye jeraha la mtego. Bunduki ya Kamba ilinasa kwenye miiba. Mwenzake alisimulia kwamba Kamba aliitoa bastola, akaivuta nyundo polepole, kama walivyofundishwa, ili mnyama asishtuke. Akavuta kifyatulio, nyundo ikagonga. Hakuna mlio. Nyati hakungoja ya pili. Kamba alikata roho ndani ya gari, kabla hawajafika hospitali.

Mkuu wa ghala aliandika kwamba risasi ilipata unyevu. "Si kosa lako, mzee wangu," alimpigia kelele masikioni, akidhani ni majonzi yaliyomfanya awe mzito wa kuelewa. Akamkabidhi bastola aikague.

Sikio aliweka kidole juu ya silinda, akavuta. Nyundo ilisimama, na chini ya kidole chake silinda ilikuwa bado inateleza, upana wa uzi tu. Kwenye kitako cha ile risasi isiyowaka palikuwa na kovu pembeni. Kidole kingemwambia yote tangu siku ile, lau angekuwa amekubali kukiuliza. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Yeye kilimuumbua kwa kumchukua mwingine.

Baada ya maziko alikwenda kwa shemeji yake, mjane wa Kamba. Mwanamke alisimama mlangoni, leso mkononi, akasema kitu. Midomo ilicheza kidogo tu. Sikio alikaribia kutikisa kichwa kama kawaida yake. Shingo ikagoma.

"Shemeji, sijui umesema nini. Mimi sisikii. Sisikii tangu mwaka juzi. Siku ile sikuisikia tik, nikamwambia nimeisikia."

Mwanamke akarudi ndani, na mlango ukafungwa bila sauti yoyote, kama milango yote siku hizi.

Sikio hakuondoka. Hakujua kama nyuma ya ubao ule kuna kilio au kimya. Akaweka kiganja juu ya mlango, akakituliza, kama alivyopaswa kukituliza juu ya silinda. Ubao ulikuwa unatetemeka.

Akakiacha kiganja pale.