Mpini wa Mzee Oliver

Maroa alihamia Homa Bay kutoka Kegonga miaka sita iliyopita akiwa na randa, misumeno miwili na mke Mjaluo. Watu wote walimpokea vizuri isipokuwa mmoja. Mzee Oliver, baba ya mkewe, karani mstaafu, hakuwahi kumtukana wala kumnyima chai. Alimwita tu "fundi." Waume wa mabinti zake wengine aliwaita "ora," neno la Kijaluo la kumwita mkwe. Hata yule wa Oyugis anayeuza dawa ya panya alikuwa ora. Maroa, aliyemtengenezea kitanda, kabati na mlango wa choo, alibaki fundi.

Kila Jumamosi Mzee Oliver alibeba kiti cha plastiki, kofia na fimbo yake ya kuvulia, akaenda kukaa ufuoni. Wavuvi waliokuwa wakishusha dagaa wa omena kwa makarai walimtazama kama mtu aliyekuja kulikausha ziwa kwa kijiko. Lakini jioni alirudi nyumbani na samaki wawili wanono aina ya ngege, na heshima yake ikaendelea.

Kisha panya wakatafuna mpini wa fimbo hiyo. Mkwe wa Oyugis alileta dawa. Panya wakaumaliza mpini kwanza.

"Baba anasema umtengenezee mwingine," Truphena alimwambia mumewe. "Usiteleze, usioze, usimchafue mikono."

"Amesema nani atengeneze?"

"Amesema fundi."

Moyoni Maroa aliapa kwamba mpini huo ndio utakaomtoa mzee neno "ora" mdomoni.

Kuchonga hakukuwa kazi. Alipata gogo kavu la mpera, akalichonga na kulitoboa katikati asubuhi moja. Tatizo lilikuwa cha kuupaka. Kwao Kegonga fimbo hupakwa samli ya ng'ombe, basi akaupaka samli hadi ukang'aa.

"Fimbo ya baba yangu ina miaka arobaini," alimweleza Truphena.

"Imewahi kuvua samaki?"

"Imewahi kuvuka mto."

"Ikiwa mkononi mwa mtu anayefukuza ng'ombe, mume wangu. Si mkononi mwa karani."

Aliuanika dirishani. Usiku paka akauchukua. Kesho yake waliukuta nyuma ya choo cha jirani, umelambwa ukawa mkavu kuliko ulivyokuwa kabla ya kupakwa, na una alama za meno.

Hapo Truphena akamhurumia. "Acha kubahatisha. Nani hapa mjini anashika mpini kutwa nzima, mikono ina maji na utelezi wa samaki, jua linamchoma?"

Wote wawili walijua jibu. Zilpah alikuwa na meza ya samaki karibu na ufuo, wabichi upande mmoja, wa kukaanga upande mwingine, na visu vitatu. Maroa akavitia vyote mipini mipya ya mpera. Wa kwanza aliupaka vanishi. Wa pili aliupaka rangi ya viatu, kwa sababu viatu navyo hukanyaga maji. Wa tatu aliupaka mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, akafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu, akangoja siku mbili, akapaka tena. Alifanya hivyo mara saba, akamalizia na nta ya nyuki.

"Shemeji," Zilpah alisema, "sasa mimi ndiye maabara?"

"Wiki nne tu."

"Na nikikatika kidole?"

"Nitakichonga kingine."

Rangi ya viatu haikumaliza wiki. Viganja vya Zilpah viligeuka vyeusi, na mteja mmoja aliyevaa shati jeupe aliondoka na alama ya vidole vitano mgongoni, zawadi ya kumuaga. Vanishi ilidumu zaidi. Iling'aa kama gari la askofu. Lakini ilipolowa iliteleza, kisu kikaruka na kutua katika omena za jirani, na wiki ya tatu ikaanza kubanduka.

"Zilpah," mteja aliuliza, akitoa kitu kati ya meno yake, "hili ni gamba la samaki gani?"

"La fundi."

Ule wa tatu haukusemwa lolote. Ulikuwa umefifia, hauna mvuto. Ila haukuvimba, haukupasuka, na Zilpah alianza kuuficha chini ya aproni ili asiazimwe.

Jumamosi ya nne Maroa alikuja kukagua. Alikuwa ameinama nyuma ya jiko la makaa, akiokota vipande vya vanishi, aliposikia sauti anayoijua.

"Wawili, Zilpah. Usiwaparue, usiwapasue. Wawe kama waliotoka majini sasa hivi."

"Kama kawaida, Mzee."

Maroa alijikunja zaidi. Angebaki huko hadi Jumapili kama cheche isingemrukia suruali. Aliruka akijipiga mapajani, akasimama uso kwa uso na baba mkwe wake, ambaye alikuwa ameshika ngege mmoja kila mkono.

Hata mafuta kwenye karai yalionekana kupunguza kelele.

"Ora," Mzee Oliver alisema hatimaye. "Umeamkaje?"

Miaka sita Maroa alilingoja neno hilo, na sasa lilimjia kama kitu kidogo kinavyomjia askari wa barabarani.

Mzee, akitafuta pa kuweka macho, aliweka samaki mezani na kuokota kisu kilichokuwa karibu. Mkono wake ulijaa utelezi. Alikigeuza. Alikibana. Akakibana tena, safari hii kwa makini.

"Huu umepakwa nini?"

"Mafuta ya kitani, Baba. Vanishi inakaa juu, na ikipasuka maji yanaingia chini yake. Hii imeingia ndani ya mti. Ikichoka unapaka tena mwenyewe kwa kitambaa."

"Nataka huu huu."

"Huo ni wangu," Zilpah alisema, akamnyang'anya. "Wewe ngoja wako."

Nyumbani Truphena aliposikia habari alipiga kigelegele. "Amekuita ora! Mbona umenuna?"

"Hilo halikuwa langu. Lilikuwa la kuniziba mdomo."

"Mdomo wa kusema nini?"

"Si umeshazibwa?" Maroa akachukua msasa, akaenda karakana.

Mpini wa mzee aliupaka matabaka saba, akanyamaza matabaka yote saba. Truphena alimbembeleza, akamnunia, akampikia kuku. Hakusema.

Jumamosi iliyofuata baada ya mpini kukamilika, kulikuwa na manyunyu. Mzee Oliver alikaa kwenye kiti chake. Maroa alisimama mbali kidogo, akijifanya anakagua mbao za mashua. Saa zikapita. Ghafla fimbo ikapinda, kiti kikaanguka, kofia ikaelea. Mzee alirudi nyuma hatua tatu, mikono yote miwili imelowa maji na mvua, na mpini haukusogea hata unywele.

"Ora!" alipiga kelele, ufuo mzima ukageuka. "Ora! Ora wangu, leta karai!"

"Mzee, itisha kikombe, karai ni kubwa mno!" mvuvi mmoja alimjibu. Samaki mwenyewe alikuwa kambare mumi wa urefu wa kandambili.

Maroa hakusikia mzaha huo. Alikuwa anakimbia na karai.

Jumatatu Truphena alirudi kutoka kwa wazazi wake na ujumbe wa mama yake, ambaye kwa heshima ya ukwe hamkaribii Maroa.

"Mama anakushukuru kwa mpini. Anasema amepika samaki wa Baba miaka kumi na moja, na huyu ndiye wa kwanza kuwa na tundu la ndoano mdomoni."