Ndoo Tupu za Pelageya

Mimi na ndugu yangu Nikifor tunatenganishwa na uzio wa mbao tu. Namsikia akikohoa, namsikia akimgombeza mbwa. Lakini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi sijamwambia hata umeamkaje. Watu husema, Stepanida, una roho ya jiwe, huyo si tumbo moja na wewe? Ni tumbo moja, ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu baki ningeshamsahau. Alimbebesha Pelageya zigo lisilo lake, akamwacha nalo, yeye akaenda kuoa.

Pelageya alikuja kwa treni kutoka upande wa mto Volga, yatima, wakati hapa kwetu kuna upepo na vumbi tu na watu wanajenga mahali pa kurushia roketi. Msichana wa mifupa mikubwa, mkono mwepesi kazini, akicheka anasikika mpaka stesheni. Wakamweka jikoni kwenye hosteli ya wanaanga. Maandazi yake ya kabichi walikuwa wanayaficha mifukoni, watu wazima wale, wenye nishani kifuani. Nikifor ndiye alikuwa dereva wa basi la kuwapeleka kwenye roketi. Akala andazi la kwanza, akala la pili, mwisho akamposa. Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Mama alishawajazia mito yao miwili, manyoya ya bata, si ya kuku.

Sasa kwetu mwanamke akikukatizia njia na ndoo tupu, ni nuksi. Unatema mate mara tatu bega la kushoto, au unarudi nyumbani. Na hao wa roketi ndio wamezidi. Hawatoki mpaka wote wamekaa kimya kidogo kwanza. Njiani basi linasimama, wanashuka wanaume wazima kukojolea gurudumu, eti bahati. Hiyo inaitwa desturi. Mwanamke kubeba ndoo ndiyo inaitwa balaa.

Jioni ile kabla ya safari ya Kamanda Velichko na mwenzake, nilikuwa naanua nguo, zimeganda kama mbao. Nikifor na Pelageya wamesimama kwenye uzio. Nikamsikia kwa masikio yangu haya.

"Kesho nikipita na wageni wangu, toka nje uje barabarani," alimwambia. "Nataka wamwone mke wangu."

"Nitakuwa sijachana nywele."

"Funga kile kitambaa chekundu. Nani atatazama nywele?"

Asubuhi mabomba yalikuwa yameganda, lori la maji likaja kona ya chini. Pelageya alikuwa kwenye foleni na mzega wake begani, ule mti wa kubebea maji, ndoo mbili tupu zinaning'inia, aliposikia injini. Sasa angefanyaje? Ndoo ukiiacha kwenye foleni ya kwetu, ukirudi unakuta hewa. Akakimbia nazo, akavuka barabara awe upande wa dirisha la Nikifor. Basi likapita. Ni hilo tu. Hakuna kingine alichofanya duniani.

Kupanda walipanda vizuri. Balaa ilikuwa kurudi. Redio ikasema safari imefana, ikapiga muziki. Lakini Nikifor ndiye aliyewapokea kwenye uwanja wa ndege, akamwona kamanda hana meno ya mbele na mwenzake amebebwa kwa machela. Akili yake ikaruka. Kesho yake wakubwa wakaanza kuita watu, mmoja mmoja, kila aliyegusa safari ile hata kwa kijiko. Na wakati huo mambo hayo hayasemwi. Komeo la chombo likikwama huko angani, lina fundi wake, fundi ana bosi wake, na bosi ana bosi, unapanda hivyo mpaka Moscow. Ndoo ina Pelageya tu.

Wakamuuliza Nikifor, njiani kulitokea jambo lisilo la kawaida? Basi lile halikuruhusiwa kupunguza mwendo ila pale pa gurudumu. Na yeye alipunguza, ili awaonyeshe mchumba wake. Akaogopea kazi yake. Akasema alipunguza kwa sababu mwanamke alimkatizia na ndoo tupu, ikabidi akanyage breki, na yeye akatema mate mara tatu lakini haikusaidia. Mwanamke gani? Akamtaja. Kwa jina, na jina la baba yake.

Kabla ya wiki kwisha mji mzima unajua. Hakuna aliyejua angani kumetokea nini, lakini kila mtu alijua nani kasababisha.

Nilimwambia mama nilichosikia pale kwenye uzio. Mama akaniuliza, unataka ndugu yako afukuzwe kazi? Meza maneno. Sikumeza. Nikayatapika kwenye foleni ya mkate, wakasema huyu anamtetea wifi yake, na tangu lini mdomo wa Stepanida ukasema neno jema juu ya nduguye. Nikaenda kwa Pelageya mwenyewe. Alikuwa ameshatolewa jikoni, wamempeleka kufua mashuka ya hospitali.

"Kwa nini husemi alikuita yeye?"

"Nikisema atapoteza kazi," akasema. "Atasema mwenyewe. Mpe muda."

Akampa muda. Kiangazi hakijaisha, Nikifor akaoa msichana wa duka la mkate. Ile mito miwili ikaenda huko.

Na Pelageya akabaki kuwa nuksi. Siku za kurusha roketi walikuwa wanamtuma mlinzi kukaa jikoni kwake mpaka basi lipite, asije akatoka. Wengine walikuwa vijana wa juzi, wanaona aibu, wanaangalia buti zao. Yeye anawamiminia chai. "Kaa, mwanangu," anawaambia, "unilinde nisije nikaangusha nyota." Wanacheka. Mimi sikucheka hata mara moja. Harusi za watu haalikwi. Kwenye bomba la maji anasubiri wengine wamalize. Fundi mmoja wa reli alimtaka, mtu mzuri, hanywi sana. Mama wa fundi akaulizia watu, akaambiwa. Fundi hakurudi. Na kile kicheko cha kufika stesheni kikawa kinaishia mezani, halafu kikawa kinaishia kwenye kikombe.

Wanaanga wengine walirushwa, na baadhi yao walipata ajali, huku Pelageya kafungiwa ndani na mlinzi. Hakuna aliyejiuliza hiyo nuksi ilipitia wapi.

Mwishowe zama zikageuka. Yaliyokuwa siri yakawa yanasemwa kwenye televisheni, na sisi tumeshakuwa vikongwe. Klabu ya mji ikaandaa sherehe ya kuikumbuka safari ile, wakamwalika Velichko mwenyewe. Pelageya hakutaka kwenda. Nilimvuta kwa mkono kama mbuzi, nikamkalisha mbele. Nikifor alikuwa nyuma karibu na mlango, kofia magotini.

Velichko mzee, mnene, meno ya dhahabu. Akasimulia bila kuficha. Chombo kinaporudi, sehemu ya nyuma inatakiwa iachie. Komeo likakwama. Wakaanguka wametanguliza upande wa mlango, upande usio na ngozi nene ya kuzuia moto. Mpira wa kuzibia mlango ukaanza kutoa moshi. Wakaagana. Halafu moto huohuo uliokuwa unawala ukalila komeo, sehemu ya nyuma ikang'oka, chombo kikageuka chenyewe kama mwanasesere mwenye kitako kizito. Wakaangukia theluji nene. Hatua chache pembeni, mwamba mkubwa kama nyumba.

"Watu huniuliza akili gani ilituokoa," akasema. "Hakuna akili. Komeo lilikwama, likaungua kwa wakati. Bahati tu."

Mama mmoja wa safu ya kati akainua mkono, akauliza kwa kicheko cha aibu kuhusu zile ndoo.

"Ndoo gani?" Velichko akauliza.

Wakamweleza, huyu anaongeza na yule anaongeza. Akakunja uso, akafikiri, uso ukafunguka.

"Yule binti wa kitambaa chekundu? Dereva alipunguza mwendo akatuambia, mtazameni, huyo ni mchumba wangu, nimemwambia atoke mumwone. Akapiga honi. Sisi sote tukampungia mkono."

"Hakutema mate?" nikauliza, kwa sauti, wasikie wote.

"Mate ya nini, mama? Alikuwa anacheka."

Pelageya akageuka kwenye kiti taratibu, kiuno kinamuuma, akamtafuta Nikifor kule nyuma.

"Ni kweli, Nikifor?"

Nilidhani atakana. Akasimama, kofia ikaanguka.

"Ni kweli. Nilikuita mimi."

Kamanda alipoelewa, akashuka jukwaani, akainama mbele ya Pelageya mpaka mkono ukagusa sakafu, kama wazee wa zamani. Wanawake wakaja wanalia, wanambusu, walewale wa bomba la maji. Akawaacha wabusu. Hakulia, na mimi nilikuwa nangoja alie.

Mlangoni Nikifor alikuwa amemshikia koti, amelifungua kwa mikono yote miwili ili Pelageya aingize yake, kama mwanaume anavyomfanyia mkewe. Pelageya akalitazama lile koti. Akalitoa mikononi mwa Nikifor, akalivaa mwenyewe, mkono mmoja, kisha mwingine, ilimchukua muda kwa sababu bega lake la mzega halinyanyuki.

"Nilikupa muda," akamwambia. "Wote niliokuwa nao."

Tukatoka.