Dozi Nzima na Sukari ya Wasioumwa

Siku Tryphena alipoingia dukani kutaka biashara, Mwandawiro alimhesabu kuwa mteja wa kidonge kimoja. Duka lake lilikuwa karibu na stesheni ya Voi, na miaka kumi nyuma ya meza ilimfundisha kumpima mtu kwa miguu tu. Huyu alikuwa na vumbi la njia ya Bura hadi magotini, na kikapu cha kabichi kichwani.

"Nataka kwinini."

"Ngapi, mama?"

"Mkebe."

Mwandawiro akacheka. "Mkebe una vidonge elfu moja. Umefungua hospitali na hukutualika?"

Mama hakucheka. Alishusha kikapu taratibu. "Mombasa wanakuuzia mkebe kwa bei gani?"

"Shilingi mia."

"Sitini. Dresa anayetibu dispensari ameniambia."

Mwandawiro akamvutia kigoda. Anayejua bei ya jumla hauziwi akiwa amesimama.

Akamuuliza, "Mama nani?"

"Mama Elijah."

Akaeleza alichojia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi. Mwezi wa nne mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na nne, alikuja kwenye duka hilo hilo. Kidonge kilikuwa senti kumi na tano, dozi ya mtoto ni vidonge kumi na vinne, naye alikuwa na senti sitini. Akauziwa vinne. Elijah, wa miaka sita, alikuwa amerudi naye kutoka shamba la nyikani akiwaka homa. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne, na kwao mtoto mmoja hatiwi kitu mdomoni wenzake wakimwangalia. Basi akagawa kama anavyogawa sukari, kila mtoto kimoja.

"Watatu hawakuwa wagonjwa," alisema. "Dresa aliniambia hivyo tukiwa tumeshazika."

Mwandawiro hakumkumbuka. Vidonge vinne aliuza kila siku. Alisema pole, na mama akaitikia kwa kichwa kama anayepokea chenji.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Dozi nzima kwa shilingi moja. Usiuze kidonge kimoja kimoja tena."

"Na mimi, baba Wakesho, nile nini na binti yangu?"

"Utapata senti kumi na sita kwa kila dozi, na utapata kabichi. Tuko wanawake ishirini Bura. Tunashuka Jumanne na Ijumaa, tunauza kwa yeyote. Tutakuuzia wewe peke yako."

Mwandawiro akapiga hesabu kichwani. Msimamizi wa kantini ya shamba la mkonge alikuwa akimsumbua kuhusu mboga tangu Krismasi, na mboga za uhakika hakuwa nazo. Hesabu ilikubali. Lakini hakuna anayekubali upesi.

"Shilingi na senti ishirini."

"Moja."

"Haya, moja. Vyombo vya kutilia dawa vyako."

"Tutaleta vibiriti vitupu. Na kila kibiriti, kijiko kimoja cha sukari kwenye karatasi."

Hapo ndipo walipobishana kwelikweli, hadi treni ya Mombasa ikaja na kuondoka.

"Dawa nimekubali. Sukari ni ya nini, mama? Kwinini si chai."

"Ni ya wasioumwa. Wakipewa sukari hawataangalia dawa. Na mama yao hatagawa."

Mwandawiro akapiga hesabu ya sukari kwa sauti. Mwisho akasema kijiko kiwe kidogo. Mama akasema alete akione.

Makokha, kibarua wa shamba la mkonge, alipokuja na senti zake thelathini akitaka viwili, aliambiwa dozi nzima au aende.

"Kumbe wewe sasa ni serikali?" alisema Makokha.

"Serikali haikupi sukari."

Akaenda zake. Siku ya mshahara alirudi na shilingi.

Kwa miaka miwili kabichi ziliteremka bila kukosa, na vibiriti vikapanda Bura hadi Mraru. Mara moja Mwandawiro alimuuliza mama kama watoto wanapona. "Wengi," alisema, akaendelea kupanga kabichi. Hakuwahi kumwona akifurahi wala akilia.

Kisha Ndambuki, mwenye duka la ng'ambo ya reli, akatangaza dozi kwa senti themanini, sukari ndani. Ijumaa iliyofuata Tryphena alipita mbele ya duka na wanawake wake, vikapu kichwani, hawakusimama. Mwandawiro akatoka barazani.

"Mama Elijah, tulikubaliana mtaniuzia mimi peke yangu."

"Tulikubaliana kwa shilingi moja, baba Wakesho. Shusha hadi sabini na tano, tugeuke sasa hivi."

Alipiga hesabu akiwa amesimama. Kidonge kwa senti sita, vidonge kumi na vinne, ni themanini na nne kabla ya sukari. Ndambuki alikuwa anauza kwa hasara ili apate kabichi. "Siwezi," alisema.

"Najua."

Mwandawiro hakukasirika. Angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo, tena mapema zaidi. Alipoteza kantini ya mkonge, akabaki na mikebe mitatu, akaiuza polepole, dozi nzima nzima, maana hakuna tena mtu Voi aliyekubali kununua kidonge kimoja. Wanawake wa Bura walipata dozi kwa senti themanini. Tryphena alibaki na watoto watatu.